Usafi wa nyumbani vijijini: namna gani ya kujua kama franga zilizotumika zimeleta mabadiliko?

Kufundisha wakaaji kunawa mikono, kutumia choo na kulinda maji ya kunywa kunakula franga nyingi kila mwaka. Raporo za miradi zinahesabu mikutano, picha zilizogawanywa na watu waliofika. Lakini mtu aliyesikiliza na mtu aliyebadilika si mmoja. Maelezo haya yanaonyesha namna gharama na faida ya kazi hiyo inavyopimwa, na namna kijiji chenyewe kinavyoweza kufanya hesabu bila kungojea wageni.

Gari la shirika linaingia kijijini asubuhi. Chini ya mwembe watu wanakusanyika: wamama mbele, watoto pembeni, chefu kwenye kiti. Muhamasishaji anafungua picha zake: nzi kwenye choo, mikono michafu, mtoto anayehara. Watu wanaimba wimbo wa kunawa mikono, wanatia sahihi kwenye liste, kila mmoja anapewa kipande cha sabuni. Saa sita gari linarudi mjini. Kwenye raporo inaandikwa: watu 180 wamehamasishwa.

Nyuma ya miezi sita, bidon ndogo ya kunawia bado inaning'inia karibu na choo. Ndani haina maji, na kamba imekatika.

Mambo hayo yanaweza kuonekana katika kijiji chochote kati ya Lubero na Kalemie. Na si jambo la kuchekesha. Kuhara ni moja ya magonjwa yanayoua sana watoto walio chini ya miaka mitano. Kolera nayo inarudi mara kwa mara kwenye maeneo ya kando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika. Tena mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata sehemu kubwa ya misaada iliyopitia USAID, shirika ambalo lilikuwa mmoja wa wafadhili wa kazi ya maji na usafi vijijini Congo. Franga zikipungua, swali linakuwa kali zaidi: zile zinazobaki zitumike wapi, na nani atajua kama zilifanya kazi?

Ngazi tatu za kuhesabu

Kuko mambo matatu ambayo watu wengi wanayachanganya.

La kwanza ni kazi iliyofanyika: mikutano mingapi, nyumba ngapi zilitembelewa, sabuni ngapi ziligawanywa. Hesabu hiyo ni rahisi, juu muhamasishaji anaiandika mwenyewe kwenye kaye yake.

La pili ni tabia: watu wangapi sasa wananawa mikono kwa sabuni, wangapi wanatumia choo kila siku, wangapi wanafunika maji ya kunywa. Hapo kazi inaanza kuwa ngumu, juu tabia inafanyika wakati mgeni hayuko.

La tatu ni afya: watoto wanaumwa kuhara mara chache kuliko mbele? Hilo ndilo kila mzazi anataka kujua, na ndilo gumu kuliko yote. Kuhara kunategemea majira. Mradi ukipima mara ya kwanza wakati wa mvua na mara ya pili wakati wa kiangazi, utaona magonjwa yamepungua hata kama hakuna aliyebadilisha kitu. Ndiyo maana wapimaji wazuri wanarudi mwezi uleule, na wanalinganisha na vijiji jirani ambavyo havijafikiwa na mradi.

Mradi unaoishia kwenye ngazi ya kwanza unajua ulichotoa. Haujui ulichopata.

Kanuni saba za kijiji kilichosafishwa

Congo ina kipimo chake. Programu ya taifa inayoitwa «Village et École Assainis», ao VEA, inaongozwa na serikali kwa msaada wa UNICEF, na ilipata franga za Uingereza na za Marekani. Mbele kijiji kipewe cheti, kinapaswa kutimiza kanuni saba:

1. Kuwe na komite ya kijiji inayotumika kweli.
2. Angalau wakaaji 80 kwa 100 wafikie maji safi ya kunywa.
3. Angalau nyumba 80 kwa 100 zitumie choo kinachofaa.
4. Angalau nyumba 80 kwa 100 zitupe takataka kwa njia nzuri.
5. Angalau wakaaji 60 kwa 100 wanawe mikono kwa sabuni ao majivu mbele ya kula na nyuma ya kutoka chooni.
6. Angalau wakaaji 70 kwa 100 wajue namna kinyesi kinavyofika mdomoni na kuleta ugonjwa, na namna ya kukata njia hiyo.
7. Kijiji kisafishwe angalau mara moja kwa mwezi, ile kazi ambayo wengi wanaiita salongo.

Angalia vizuri kanuni ya tano na ya sita. Kipimo cha kujua ni 70, cha kunawa mikono ni 60. Hata walioandika kanuni walikubali kwamba kujua ni rahisi kuliko kufanya. Mama anaweza kueleza njia yote ya mikrobi toka chooni mpaka kwenye sahani ya bukari, lakini sabuni ikiisha siku ya tatu ya juma, anangojea soko.

Kanuni hizo zina faida moja kubwa: kila mtu kijijini anaweza kuzikariri na kuuliza. Zina pia udhaifu mmoja. Cheti kinatolewa siku moja, lakini usafi ni wa kila siku. Bila mtu wa kurudi kuangalia, cheti kinabaki ukutani na choo kinajaa.

«Tunanawaka kila siku»

Ukimuuliza mtu kama ananawa mikono kwa sabuni, jibu linajulikana: «Ndiyo, tunanawaka.» Si uongo wa nia mbaya. Hakuna anayependa kujitangaza mchafu mbele ya mgeni, zaidi sana mgeni ambaye labda atarudi na msaada. Kwa hiyo namba zinazotoka kwenye maswali peke yake ziko juu kuliko ukweli.

Wapimaji wengine wanakaa ndani ya nyumba masaa kadhaa na kuangalia. Ni bora, lakini nayo ina shida. Huko Bangladesh watafiti waliwahi kuficha mashine ndogo ndani ya vipande vya sabuni, mashine inayosikia kila mara sabuni inapotikiswa. Wakawapa watu wa vijijini sabuni hizo. Siku ambayo mwangalizi aliketi nyumbani, sabuni ilitikiswa mara nyingi zaidi kwa asilimia 35 kuliko siku za kawaida. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2010. Maana yake ni wazi: macho ya mgeni peke yake yanafanya watu wanawe.

Njia ya katikati, ambayo haina gharama kubwa, ni kuangalia alama na kuacha maswali. Ndiyo njia ya uchunguzi mkubwa wa taifa: mwenye kuuliza anaomba aonyeshwe fasi ya kunawia, kisha anaandika kama maji yako na sabuni iko saa ile ile. UNICEF na Shirika la Afya Duniani (OMS) wanahesabu nyumba kuwa na huduma ya msingi ya kunawa mikono kama ina fasi ya kunawia, maji na sabuni kwa wakati mmoja. Majivu peke yake hayahesabiwi katika kipimo hicho cha dunia, lakini VEA inayakubali. Anayelinganisha namba mbili lazima aangalie kwanza kama zilipimwa kwa kipimo kimoja.

Kuko pia kipimo cha ngazi. Kati ya 2008 na 2013, shirika la Uholanzi linaloitwa IRC liliongoza kazi ya WASHCost, iliyofuata gharama za maji na usafi katika Burkina Faso, Ghana, Msumbiji na India. Kwa upande wa usafi waliangalia tabia tatu: kutumia choo, kunawa mikono kwa sabuni, na kulinda maji ya kunywa toka kisimani mpaka kwenye kikombe. Kila nyumba iliwekwa kwenye moja ya ngazi nne, toka ile ambayo haina faida mpaka ile iliyo nzuri. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba inaonyesha hata hatua ndogo. Familia iliyotoka porini ikaanza kutumia choo, hata kama sabuni bado haiko, imepanda ngazi moja, na hesabu inaliona hilo.

Nani analipa?

Ukisoma bajeti ya mradi utakuta mishahara, gari, esanse, mafunzo, picha, tisheti, banderole na ofisi ya mjini. Hizo zote ni gharama za kweli. Lakini kuko nyingine ambazo haziandikwi popote.

Ya kwanza ni siku za reko. Relé komunoteri, ambaye watu wanamuita reko, ni mtu wa kujitolea. Anaacha shamba lake ili apite nyumba kwa nyumba. Chukua mfano: reko anayetoa siku mbili kwa juma anatoa siku 104 kwa mwaka. Kama siku moja ya kibarua shambani inalipwa franga 3 000, ametoa kazi ya franga 312 000. Kwenye raporo inaandikwa sifuri. Kisha watu wanashangaa juu ya nini nyuma ya mwaka mmoja reko amechoka na haonekani tena.

Ya pili ni sabuni. Chukua nyumba ya watu saba inayomaliza kipande kimoja kwa juma kwa kunawa mikono tu. Kama kipande kinauzwa franga 500 kwenye butike, kwa mwaka ni franga 26 000. Kijiji cha nyumba 200 kikifuata fundisho lote, kitalipa franga 5 200 000 kila mwaka. Na franga hizo zinatoka kwenye mfuko ule ule unaonunua chumvi na kulipa masomo ya watoto.

Ya tatu ni maji na wakati. Watu saba, kila mmoja akinawa mara tano kwa siku na kutumia nusu lita kila mara, wanamaliza lita 17 na nusu. Karibu bidon nzima ya lita 20. Kama chemchemi iko mbali, safari moja ya nusu saa kila siku inafanya zaidi ya masaa 180 kwa mwaka. Kwa kawaida ni mama ao binti ndiye anabeba. Na mahali ambako njia ya chemchemi haina usalama, bei ya bidon hiyo ya pili haihesabiwi kwa franga.

Kumbe gharama za familia si kitu kidogo pembeni. Mradi unalipa mwaka mmoja ao miwili, familia inalipa maisha yote. Mradi unaosema «kunawa mikono hakuna bei» haujafanya hesabu, na mara nyingi ndiyo sababu bidon ile inakauka.

Mfano wa vijiji viwili

Hesabu ifuatayo ni ya mfano, si ya kijiji fulani. Inasaidia kuona namna namba moja inaweza kudanganya.

Kijiji A kina nyumba 200. Mradi unatumia dola 4 000: mikutano mikubwa, picha, wimbo, sabuni za bure, kisha unaondoka. Mbele ya mradi, nyumba 20 zilikuwa na fasi ya kunawia yenye maji na sabuni. Siku ya kufunga mradi ziko 80. Nyuma ya mwaka mmoja zimebaki 50.

Kijiji B kina pia nyumba 200, na pale vilevile nyumba 20 ndizo zilikuwa na maji na sabuni. Mradi unatumia dola 6 000. Mikutano ni michache, lakini reko wanapewa kitu kidogo cha kuwasaidia, nyumba zinatembelewa tena na tena, na kikundi cha wamama kinasaidiwa kutengeneza sabuni na kuiuza kwa bei nafuu. Mwisho wa mradi ziko nyumba 90. Nyuma ya mwaka mmoja ziko 85.

Ukigawanya kwa nyumba zote zilizofikiwa, kijiji A kinagharimu dola 20 kwa nyumba, kijiji B dola 30. Mfadhili anayeangalia namba hiyo atachagua A.

Ukigawanya kwa nyumba zilizobadilika siku ya kufunga, A ni nyumba 60, yaani karibu dola 67 kwa kila moja. B ni nyumba 70, karibu dola 86. Bado A inashinda.

Lakini ukigawanya kwa nyumba zilizobaki na tabia mpya nyuma ya mwaka mmoja, A ina nyumba 30 peke yake: dola 133 kwa kila moja. B ina nyumba 65: dola 92. Mradi uliokuwa wa bei nafuu umekuwa ghali.

Swali la kuuliza si «bei gani kwa mtu aliyefikiwa?» Swali ni «bei gani kwa nyumba iliyobadilika na ikabaki vile?» Kulijibu kunahitaji mtu arudi nyuma ya mwaka mmoja. Miradi mingi haina franga za safari hiyo, juu bajeti inafungwa siku mradi unapofungwa.

Utafiti ulikuta nini?

Mambo haya yamepimwa katika inchi mbalimbali, na majibu hayalingani.

Katika mji wa Bobo-Dioulasso, Burkina Faso, programu iliyoitwa Saniya ilihamasisha wamama katika miaka ya 1990. Haikufundisha kila kitu. Ilichagua tabia chache tu na kuzirudilia miaka mitatu. Wamama waliokuwa wananawa kwa sabuni nyuma ya kumsafisha mtoto walitoka 13 kwa 100 wakafika 31. Waliokuwa wananawa nyuma ya kutoka chooni walitoka 1 kwa 100 wakafika 17. Ni maendeleo makubwa, lakini yanatukumbusha ukweli: programu iliyosifiwa dunia nzima iliacha wamama wengi bado hawajabadilika. Watafiti walihesabu pia gharama ya familia, wakakuta ni karibu asilimia 1,3 ya bajeti ya nyumba kwa mwaka.

Hapa Congo, programu ya VEA ilipimwa katika vijiji 332. Vingine vilipata programu, vingine vilikuwa vya kulinganisha, na uchaguzi ulifanywa kwa kura. Matokeo yalikusanywa mwisho wa mwaka 2019 na kutangazwa 2021. Wakaaji wenye kufikia chanzo bora cha maji waliongezeka kwa pointi 33, na wenye choo bora kwa pointi 26. Watu walisema wananawa mikono zaidi, na usimamizi wa maji uliboreka. Lakini juu ya afya ya watoto, tofauti haikuonekana. Ni lazima kusoma matokeo hayo kwa uangalifu: yote yalitoka kwenye majibu ya watu wenyewe, na vijiji vingi vilipimwa miezi kama mitano tu nyuma ya kazi kuisha.

Ng'ambo ya mto Ruzizi, karibu kabisa na Bukavu, wilaya ya Rusizi nchini Rwanda ilifanya jaribio la vikundi vya afya vya kijiji. Vijiji 150 vilipigiwa kura: 50 vilipata masomo 20, 50 vikapata masomo 8, na 50 havikupata. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba kuhara kwa watoto hakukupungua. Wenye kutetea njia ya vikundi walijibu kwamba kazi haikutekelezwa inavyotakiwa. Hata kama wana haki, jambo linabaki: idadi ya masomo kwenye karatasi si dawa.

Mwaka 2018 yakaja matokeo ya majaribio mawili makubwa, moja Bangladesh na lingine magharibi mwa Kenya. Bangladesh, kuhamasisha kunawa mikono kulipunguza kuhara kwa watoto. Kenya haikupunguza. Kati ya tofauti zilizokuwepo, moja inagusa bajeti moja kwa moja: Bangladesh wahamasishaji walipita nyumbani wastani mara sita kwa mwezi, Kenya karibu mara moja kwa mwezi. Si sababu pekee, inchi hizo haziko sawa. Lakini inaonyesha mtego: ukikata matembezi ili kupunguza gharama, unaweza kukata pia faida.

Namba inayopendwa na wafadhili

Mwaka 2006 wataalamu wa kimataifa walitoa hesabu ambayo bado inatajwa sana: kuhamasisha usafi kunagharimu dola 3,35 kwa kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya unaookolewa. Kuhamasisha ujenzi wa vyoo kulihesabiwa dola 11,15. Kwa bei hizo, usafi ni kati ya kazi za afya zenye bei nafuu kuliko zote.

Namba hiyo si ya uongo, lakini ina «kama» ndani yake. Inasimama kama watu wanabadilika kweli, na kama wanaendelea. Uchunguzi mwingi ukichanganywa unaonyesha kwamba mahali kunawa mikono kunahamasishwa vizuri, kuhara kunaweza kupungua kwa karibu asilimia 30. Mahali ambako nyumba hazikubadilika, hakuna kilichookolewa, na kila dola iliyotumika ilipotea. Tena mikono ni njia moja tu ya ugonjwa. Kuko maji, nzi, chakula kilicholala, na kinyesi cha kuku na mbuzi mahali mtoto anatambaa. Kufunga mlango mmoja na kuacha mingine wazi kunaeleza kwa sehemu juu ya nini afya haibadiliki haraka.

Kijiji kinaweza kujipima

Si lazima kungojea daktari wa mbali. Komite ya kijiji, reko na muuguzi wa kituo cha afya wanaweza kufanya kazi hii kwa kaye moja na biki.

Kwanza, chagueni nyumba 30 kwa kura. Andika nyumba zote kwenye vikaratasi, changanya kwenye kikapu, chomoa 30. Msichague nyumba za kando ya barabara peke yake, wala za wanakomite.

Pili, angalieni na msiulize sana. Fasi ya kunawia iko? Ndani kuna maji saa hii? Sabuni ao majivu iko, na sabuni imetumika ao bado kavu kama ilivyotoka butike? Njia ya choo imekanyagwa ao imeota majani? Mlangoni kuna utando wa buibui? Chombo cha maji ya kunywa kimefunikwa, na kuna kikombe cha kuchotea peke yake? Mtu wa kuangalia asitoke kwenye mtaa ule ule, ili jirani asimhukumu jirani.

Tatu, rudini mara tatu: mbele ya mradi, siku unapofungwa, na mwaka mmoja nyuma yake, katika majira yale yale.

Nne, andikeni gharama kwenye safu mbili. Upande mmoja ya mradi, upande mwingine ya familia na reko: sabuni, bidon, miti ya choo, siku za kazi. Kisha gawanyeni kwa nyumba zilizobadilika.

Tano, mwombeni muuguzi aonyeshe kwenye rejista watoto waliokuja na kuhara, mwezi kwa mwezi. Namba hiyo haitoi ukweli wote, juu wengine hawafiki kwenye kituo. Lakini ikipanda ghafula, ni kengele.

Mahali ambako vita vimefukuza watu, hesabu inaharibika: nyumba zinaachwa, wageni wanaingia, choo cha watu saba kinatumiwa na ishirini. Hapo ni afadhali kuhesabu upya nyumba zilizopo na kuandika tarehe, kuliko kuendelea na namba za zamani.

Maswali ya kuuliza siku gari linapofika

Mkaaji wa kijiji ana haki ya kuuliza, na kuuliza si kukataa msaada. Maswali manne yanatosha:

Mutapima nini mwishoni: mikutano, ao nyumba zilizobadilika?

Nani atarudi kuangalia nyuma ya mwaka mmoja, na franga za safari hiyo ziko kwenye bajeti?

Sabuni ya bure ikiisha, familia itaipata wapi na kwa bei gani?

Reko wetu watapata nini kwa siku zao za shamba?

Na mradi ukisha kufungwa, ombeni namba zenu zibaki kijijini, zibandikwe kwenye masomo ao kwenye kituo cha afya. Mara nyingi raporo inasafiri mpaka Kinshasa na Ulaya, lakini waliohesabiwa hawaioni. Kijiji chenye namba zake mkononi kinaweza kumwambia mradi unaofuata: hapa tulikuwa na nyumba 80, tumebaki na 50, na hizi ndizo sababu. Mazungumzo yaanzie hapo, si kwenye wimbo.